Difu ya Mbele ya Lori la Tweve

Kilichokutoa topeni, kitakuangusha konani. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani maneno hayo, nanyi mmeuliza yametoka wapi. Basi sogeeni karibu na moto, kwa maana hayakutoka mbali. Chanzo chake ni hiki.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 1987. Asubuhi hiyo ukungu uliilalia Makete hata kuku wakachelewa kutoka bandani, na mvua nyembamba iliyoanza usiku ilikuwa haijakatika. Ezekia Tweve alishika usukani wa lori lake kuukuu, akafumba macho, akaomba kama alivyoomba kila safari: "Bwana, tutoke salama, tufike salama." Binti yake Edina, aliyeketi katikati, akaitikia amina. Huko nyuma, juu ya magunia ya viazi, akina mama waliokuwa wakienda mnadani nao wakaitikia.

Mlangoni alikaa Mzee Luvanda, mshenga. Huyo hakuwa na viazi. Alikuwa amekuja kutafuta siku.

Tangu afiwe na mkewe, Tweve hakuwa na utingo mwingine ila Edina. Walipotoka makaburini siku ile, ukimya wa nyumba ulimtisha, akamwambia binti yake, "Mama, panda, twende wote." Edina akapanda. Alijifunza kubadili gurudumu, kuziba pancha na kutambua mlio wa injini yenye kiu ya maji. Baba akisahau kula, yeye alimkumbusha. Hivyo ndivyo walivyovuka msiba, bega kwa bega katika kabini ile.

Sasa Edina alikuwa mtu mzima, na Aidani, kijana wa Ludewa, alikuwa akimngoja. Posa ilikubaliwa zamani. Lakini kila mshenga alipouliza siku ya ndoa, Tweve aliisogeza mbele.

"Ngojeni viazi viishe," akasema Tweve, macho barabarani.

"Mwaka jana ulisema ngano," Luvanda akajibu. "Mpaka Makete yote iache kulima ndipo binti aolewe?"

Edina akainama kuficha kicheko.

"Sikia, Tweve," mshenga akaendelea, sasa bila utani. "Safari hii nimetumwa nirudi na siku. Nikirudi mikono mitupu, wale watu watabisha hodi kwingine. Wamenituma nikwambie."

Kicheko cha Edina kikakatika.

Walipofika bondeni, lori likazama. Gurudumu moja la mbele likazunguka bure na kuwarushia akina mama tope, na mwenzake akasimama kama mgeni asiyekaribishwa.

"Funga difu ya mbele, mama," Tweve akasema.

Edina akavuta kishikio cha difu kilichokuwa kando ya gia. Ukikivuta, magurudumu mawili ya mbele hushikamana yakawa kitu kimoja. Hakuna la kuteleza peke yake huku jingine likitazama. Lori likanguruma, likatambaa, likapanda ng'ambo. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mkono wa Edina ulikuwa bado juu ya kishikio. "Baba, nifungue?"

"Iache. Imetutoa, tuifukuze ya nini?"

"Ikifungwa lori halipindi, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Iache, nimesema. Matope mengine yako mbele."

"Nipe siku, Tweve," Luvanda akadakia.

Tweve akaanza kueleza habari za spea, na za paa la nyumba, na za baridi ya Juni, na huku anaeleza lori likawa linateremka kuelekea kona. Kwenye kona gurudumu la nje huwa na njia ndefu kuliko la ndani, na yaliyofungwa pamoja hayawezi kupeana nafasi. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Tweve akauvuta kwa mikono miwili, lori lisimsikilize. Likaenda moja kwa moja, likaacha barabara, likapanda tuta la shamba la njegere na kusimama, bampa ikichungulia korongo.

Kisha sauti ya Mama Skola, mmoja wa wale akina mama, ikatoka juu ya magunia:

"Baba Edina! Tulisema amina tufike mnadani, siyo mbinguni!"

Wakashuka mmoja mmoja, wakitetemeka na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeumia. Tweve alikuwa wa mwisho kushuka.

"Ulinionya, mama," akamwambia Edina.

"Ndiyo, baba."

"Na kishikio kilikuwa mkononi mwako. Mbona hukufungua?"

Edina akajifuta tope shavuni. "Nilikuwa nangoja ruhusa yako," akasema taratibu.

Mzee Luvanda, mtu asiyepungukiwa na neno, akageuka akatazama njegere.

Tweve akavua kofia. Akamtazama binti yake, machozi yakimlengalenga. "Tulipomzika mama yako tulifungana, mimi nawe," akasema. "Tusingefungana, mimi ningebaki palepale, Mungu ni shahidi. Lakini tope lile tulishalitoka, mwanangu. Nimeendelea kukufunga kwa sababu naogopa kuendesha peke yangu."

Edina akamshika mkono.

Ndipo Tweve akainua sauti. "Akina mama, sogeeni mnisikie. Mzee Luvanda, peleka siku: Jumamosi inayofuata Pasaka. Mimi mwenyewe nitampeleka Edina kanisani. Nimeahidi mbele za Mungu na mbele zenu. Na mkinisikia nikianza tena hadithi za viazi, msinionee haya. Niambieni wote kwa sauti moja: Kilichokutoa topeni, kitakuangusha konani."