Mashimo Saba ya Muhanga

—Masikio yenu yako wapi?
—Yako hapa, tumekuletea.
—Nimwage?
—Mwaga, tutaokota.

Hapo kale, kale sana, Mama Ngiri alisimama mbele ya wenzake akauliza, "Jamani, yale mashimo saba ya Muhanga mla mchwa, analala nani humo?"

Mmoja alikohoa. Mwingine alitazama kucha zake.

Mvua za vuli zilikuwa zimebomoa shimo la Mama Ngiri, na masika yalikuwa yanakuja. Alikuwa na watoto watatu. Wangenyeshewa hadi wafe.

Si kwamba wenzake walikuwa wabaya. Walimpenda. Alikaa kwa Nungunungu siku tatu, akafungiwa viazi vya njiani. Akakaa kwa Pimbi siku tatu, akaimbiwa wimbo wa kuagwa. Akakaa kwa Kanga siku tatu, akapewa unyoya wa baraka. Desturi ilikuwa hiyo: siku tatu, zawadi, kwaheri.

Kibwe, kitindamimba wake, akawa analala na mzigo mgongoni.

"Tua mzigo, mwanangu."

"Nitue ya nini, mama? Si tunaondoka?"

Neno hilo lilimchoma. Akaondoka mbio hadi kwenye mashimo, wenzake nyuma wakimsihi arudi. Mlangoni akamkuta Kenge anaota jua.

"Haya yana mwenyewe," Kenge akasema. "Muhanga kakataza."

"Kakwambia lini?"

"Mkubwa hasemi mara mbili, dada."

"Nimeuliza lini."

"Mzee analala mchana. Kumwamsha ni utovu wa adabu. Au kwenu hamkufundishwa?"

Hapo ndipo wote walipokwama miaka yote. Wengi wao hulala usiku, Muhanga hulala mchana, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nilifundishwa," Mama Ngiri akasema. "Leo mtaniwia radhi."

Akaenda kwa Muhanga, Kenge na wenzake wakimfuata, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Mkoromo. Akagonga mara ya tatu, ikatoka pua ndefu.

"Shikamoo, babu. Naomba shimo moja kati ya yale saba uliyoyakataza."

"Marahaba. Nimeyakataza mimi? Mimi nachimba, nakula mchwa, naenda zangu. Chukueni. Nani kawaambia hivyo?"

Wote wakamgeukia Kenge. Kumbe alikuwa na shimo la Jumatatu, la Jumanne, mpaka la Jumapili.

Mashimo sita yakapata familia sita: ya Mama Ngiri na nyingine tano zilizokuwa hazina makazi. Kenge akaachiwa moja, maana na yeye ana mgongo wa kulaza, lakini nyasi za kutandika mashimo yote sita alizibeba yeye.

Kibwe akaingia kinyumenyume, kama ngiri anavyoingia kwao. "Hapa siku ngapi, mama?"

"Hapa hatuhesabu."

Akatua mzigo.

Funzo ni hili: asiye na makazi hahitaji kuagwa vizuri, anahitaji mahali pa kukaa. Na adabu inayomwacha mtoto anyeshewe, hiyo si adabu.

Nilichomwaga kimekwisha, okoteni. Nina ombi moja tu: ukijua nyumba iliyofungwa mtaani kwenu, kesho nenda kwa mwenyewe, umuulize.