Yai Alilolisahau Ubwa

Haya, sogeeni, na wa kusinzia akasinzie kwao, maana ngano hii kama si mimi hakuna wa kuwapa.

Palikuwa na Ubwa, mwokota mayai. Membe, ndege weupe wa baharini, walipotaga kwenye kisiwa cha mawe, yeye kwanza aliyakanyaga yote ili watage upya. Wiki ya pili alirudi kuokota mabichi akauze. Mkewe Mize alimfundisha hivi: "Likilia ndani, hilo lina kinda. Likanyage upesi, usitie huruma."

Siku moja alipoinua mguu, akatokea membe mkubwa kama ng'ombe, jini mtupu.

"Baba, niachie kumi."

Ubwa akacheka, akakanyaga.

"Niachie matatu."

Akakanyaga.

"Basi moja tu, baba, kizazi changu kisikatike."

"Moja la nini, bibi? Taga jingine!" Akalikanyaga nalo, akazungusha kisigino.

Jini akamfunika kwa bawa. Alipolifunua, palikuwa na yai moja la moto, na ndani yake Ubwa mzima na ndevu zake.

Keshoye Mize akaja kumtafuta mumewe. "Ubwa! Ubwa wee!"

Yai likatikisika, likalia kwa sauti nyembamba: "Mize! Mize! Mize!" Lakini sikioni mwake ilikuwa pii, pii, pii.

Jini akamwambia, "Bibi, niachie hilo moja."

"Nikuachie?" Mize akasonya. "Mume wangu naye mzembe, kalisahau!"

Akainua mguu.

Ngano yangu nimeiacha pale pale. Anayeitaka akaokote maganda.