Joho la Mjomba Kiboko

Nikisema "Uzi!" semeni "Sindano!"

"Uzi!"

"Sindano!"

Sauti gani hiyo? Mmeshiba au mmelala? "Uzi!"

"Sindano!"

"Nani kafunga fundo?"

"Fundi!"

"Nani kalifungua?"

"Fundi huyo huyo!"

Haya. Sogeeni. Na wewe Mwanakheri, acha kunitafunia muwa masikioni, nataka kusema.

Palikuwa na Panya, na Panya huyo alikuwa fundi cherehani. Meno yake ndiyo mkasi wake, mkia wake ndio futi yake. Akikaa kitako, tiki-tiki-tiki, nguo imetoka. Ila alikuwa na ulimi wa mafundi wote. Ukimwuliza nguo yako iko wapi, anakwambia, "Imebaki vifungo tu, njoo kesho." Kesho ukienda, imebaki vifungo tu.

Basi Paa akaposwa, na wanyama wakakubaliana kuvaa sare siku ya harusi. Wakaleta jora zima la kitenge, la manjano lenye maua ya buluu, wakalibwaga kwa Panya. Twiga akapimwa, Panya akapanda ngazi. Kobe akapimwa, Panya akazunguka. Kanga akapimwa, huku anapiga kelele kwamba anatekenywa. Na safari hii, jamani, sijui Panya alipatwa na nini, akashona kwa moyo wake wote. Gauni la Twiga likateremka bila mkunjo. Shati la Kobe likapata nafasi ya gamba. Sketi ya Kanga ikawa na marinda yanayocheza yenyewe hata pasipo ngoma. Akazipiga pasi zote, akazipanga kwenye tenga, akakaa anazitazama huku machozi yanamtoka. Alikuwa hajawahi kumaliza kazi kabla ya siku yenyewe.

Ndi! Ndi! Ndi!

Nani huyo? Kiboko, mjomba wa bibi harusi. Mlango ukajaa, nyumba ikaingia giza.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Panya, huku akilisukuma tenga uvunguni kwa mguu.

"Marahaba. Nasikia kuna jora."

"Lipo, Mjomba."

"Lote langu. Sare ni za watu wadogo. Mimi ni mjomba mtu, nishonee joho. Liwe na mikono mipana, liwe na mkia wa kuburuza. Na nikimwona mtu mwingine kavaa hata leso ya kitambaa hicho, nitakuja kuikalia hii cherehani yako."

Akaijaribu kidogo, kwa tako moja. Kwaa! Meza ikapinda. Kisha akaenda zake, ndi, ndi, ndi.

Panya akabaki ameshika kichwa. Cherehani ile ndiyo kula kwake, ndiyo kulala kwake. Na jora halipo tena, limeshakuwa nguo za watu! Atafanyaje?

Akatoa sketi ya Kanga ili aifumue. Akashika uzi kwa meno, akaangalia yale marinda, akashindwa. Akachukua chaki, akachora joho sakafuni. Likawa kama gunia. Akalifuta kwa mkia. Akachora jingine. Likawa kama hema la msiba. Akalifuta. Akachora, akafuta, akachora, akafuta, mpaka Panya mwenyewe akawa mweupe kwa chaki. "Nina faida gani mimi?" akalia. "Si bora nirudi ghalani nikaibe mahindi kama ndugu zangu!" Kwa hasira akalipiga teke lile tenga. Nguo zikamwagika chini, gauni juu ya shati, shati juu ya sketi.

Panya akaacha kulia. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kichwa kule. Pale sakafuni palikuwa na joho.

Hakukata wala hakufumua. Aliziunganisha tu, zikiwa nzima vile vile, kwa bandi. Mnajua bandi? Ule mshono wa muda wa kushikiza nguo kabla haijapita kwenye mashine. Akazipiga bandi zote kwa uzi mmoja mrefu ulioanzia shingoni ukaishia kwenye mkia wa joho. Kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya makusudi.

Kiboko akaja kujaribu. Wanyama nao wakajaa uani, wamenuna. Twiga akasema, "Panya ametuuza!" Kobe akasema, "Mafundi ndio walivyo, wezi wa vitambaa!" Panya akasikia, yakamchoma, akaendelea kumvika Kiboko.

"Mbona mkono huu una mikono yake miwili midogo?" akauliza Kiboko.

"Mtindo mpya, Mjomba."

"Na huu mfuko, mbona umetuna kama una kobe ndani?"

"Mtindo mpya, Mjomba. Hata hao waliouanzisha bado hawajauzoea."

"Na hii kola yenye marinda?"

"Hiyo ni ya wakubwa tu. Mdogo akiivaa inamkaba."

Kiboko akavimba kwa raha. Panya akakohoa kidogo. "Sasa Mjomba, ipo desturi ya kazi yetu. Mabaki ni ya fundi."

"Mabaki gani? Nimesema lote langu!"

"Ni lako, Mjomba. Naomba kile kitakachodondoka chini tu."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kitakachodondoka chini chukua, hata kiwe kikubwa namna gani! Mimi sijainama tangu nizaliwe. Mmesikia nyote?"

"Tumesikia," wakasema wanyama, bila kujua wanashuhudia nini.

Siku ya harusi ikafika. Wanyama wamevaa matambara yao ya kila siku, Paa anatazama chini kwa aibu. Mara ndi! ndi! ndi! Kiboko huyo, na joho lake linaburuza vumbi, fwaaa, fwaaa. Akakaa mbele kabisa. Akaletewa sinia la pilau la watu wote, akalimaliza peke yake. Akauliza kama kuna jingine.

Panya alikuwa chini ya mkia wa joho, anatafuta ncha ya uzi. Haioni! Aliifunga mwenyewe, na sasa haioni. Maua ya buluu, maua ya buluu, kila mahali maua ya buluu. Kiboko akasogeza mguu, kidogo amfanye Panya mkeka. Panya akaomba Mungu wake. Mara akaiona ncha, imejificha kwenye upindo.

Kiboko akasimama kuhutubia. "Mimi, mjomba mtu, mwenye joho..."

Panya akang'ata. Nyo! Akavuta. Prrrrrrr!

Pwata! Ikadondoka kola. Pwata! Ukadondoka mkono. Pwata, pwata, pwata! Likadondoka joho lote, na kila kilichofika chini kilikuwa nguo kamili, na mwenyewe yupo.

Na Kiboko je? Kiboko alikuwa amekataa hata bitana, kile kitambaa cha ndani, akisema inamtia joto. Alikuwa kama alivyozaliwa, na pilau mdomoni.

"Nguo yangu!" akapiga kelele. "Nani kaangusha nguo yangu?"

"Ipo chini, Mjomba," akasema Panya. "Inama uokote."

Kiboko akajaribu. Tumbo likakataa. Akajaribu tena, tumbo likakataa, na bibi harusi akacheka. Basi wote wakacheka, mpaka Kobe akapinduka chali ikabidi ainuliwe.

"Ni mabaki yangu," akasema Panya. "Umesema mwenyewe, na hawa walisikia."

Kiboko akatimka mbio, ndindindi, mpaka mtoni. Chubwi! Tangu siku hiyo mchana kutwa yumo majini, kabakiza macho na pua, eti anakimbia jua. Jua gani?

Wanyama wakavaa sare zao, vigelegele vikalia, Kobe akamwomba Panya radhi mbele za watu. Ila Kanga aliona sketi inambana kiunoni. Twiga naye akaona gauni limeishia juu ya magoti, na hakukumbuka kupimwa hivyo. Wakageuka kumtafuta fundi. Huyo hapo, anacheza katikati ya uwanja, kavaa gauni la manjano lenye maua ya buluu, lenye marinda juu ya marinda, mikono ya puto, na mkia wa kuburuza.

"Panya, hicho kitambaa umekipata wapi?"

"Mabaki," akasema Panya, akaendelea kucheza.

Nami uzi wangu naukata hapa, sindano nairudisha kwenye kopo. Funzo? Mnataka funzo? Haya, shikeni. Ukifanya kazi, ifanye imara, usilipue, maana kazi mbovu haijawahi kumsaidia mtu. Waheshimuni wajomba zenu, hasa wakiwa hawajavaa kitu. Na mafundi ni watu waaminifu mno. Wewe Mwanakheri, kitambaa chako nilichokipokea Idi iliyopita kiko salama kabisa. Usikiangalie kilemba changu hivyo. Imebaki vifungo tu, njoo kesho.