Blanketi Lisiloguswa na Sindano

Kisa kimo? Semeni: Kimo! Nikitoe? Semeni: Kitoe! Haya, sogeeni. Wewe mwenye nyayo za barafu, kaa upande ule, usinikaribie.

Kale hiyo, wajukuu zangu, kale ya kale, babu yangu hajaota jino la kwanza wala baba yake hajang'oka la mwisho, kulikuwa na kijiji juu milimani kilichoitwa Vughenda. Huko ukungu ulikuwa ukiingia nyumbani asubuhi kama mgeni, unakaa, unasikiliza mazungumzo ya watu, kisha unaondoka bila kuaga. Na baridi! Mimi nimezunguka sana. Nimetetemeka Lushoto, nimetetemeka Njombe, na Makete nilitetemeka mpaka mwenyeji wangu akadhani nacheza ngoma, akaanza kunipigia makofi. Lakini baridi ya Vughenda ya kale, wanasema, ilikuwa ikimkuta jogoo amefungua mdomo kuwika, basi hukohuko mdomo unabaki wazi mpaka jua litoke.

Mnacheka? Mimi niliambiwa hivyo, nami nawaambia hivyohivyo.

Basi Vughenda palikuwa na mama mmoja, jina lake Nakiete. Mjane, mrefu, shingo imenyooka, na mkono wake mwepesi kwa sindano kuliko mikono yote ya milimani. Nguo ikichanika, kwa Nakiete. Mfuko ukitoboka, kwa Nakiete. Alikuwa akishona huku anaongea, anashona huku anakaripia mbuzi, na mshono wake ulikuwa haujikunji wala haupindi. Si kama mimi. Mimi niliwahi kushona kifungo cha shati nikiwa nimelivaa, nikaja kugundua nimeshona shati, fulana na nywele za kifua. Ulicheka wewe? Ungelia ungekuwa ni wewe unayevuliwa.

Siku moja mke wa mwanawe Nakiete akajifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza! Nakiete akapiga vigelegele mpaka ukungu ukasogea. Moyoni akasema, "Mume wangu amerudi. Mtoto huyu ataitwa Mbonea." Maana Mbonea lilikuwa jina la marehemu mumewe, na tangu afe lilikuwa halijaitwa katika nyumba ile. Alikuwa na hamu ya kuliita tena, hata kwa kugomba tu: "Mbonea, funga mlango!" Hamu ya namna hiyo msiielewe bado. Mtaielewa.

Lakini Vughenda jina lilikuwa halitolewi bure.

Mtoto akizaliwa, sindano zote za ukoo zilikusanywa, zikatiwa kibuyuni, kibuyu akapewa mkunga. Kwa siku saba hakuna kutoboa. Nguo haitobolewi, sikio halitobolewi, hata mwiba ulioingia mguuni hautolewi kwa sindano. Walisema mtoto mchanga bado hajafunga vizuri, na kila kinachotobolewa karibu naye kinamfungulia upepo njia. Siku ya saba anatolewa nje, na anatolewa ndani ya blanketi la vitambaa viwili. Cha juu kinatoka kwa mama yake baba, cha chini kinatoka kwa mama yake mama. Na mama yake baba ndiye anayeviunganisha kwa mafundo tu, bila sindano, bila gundi, bila uchawi. Wanawake wanne wanashika pembe nne, wanalikung'uta blanketi mara tatu mbele ya watu wote. Likishika, mama yake baba anatoa jina. Likiachana, jina anatoa mama yake mama.

Na mama yake mama alikuwa nani? Alikuwa Namangu, mama mnene mcheshi wa kitongoji cha bondeni, mfuga kondoo, mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili. Namangu naye alikuwa na jina lake mfukoni: Kisaka, jina la baba yake.

Siku ya pili, wakwe hawa wawili wakakutana kwa mchuuzi wa nguo aliyekuwa amepanda mlima na punda wake. Mchuuzi yule, Saburi, alitandaza mali yake juu ya nyasi: marekani, kaniki, bafta, hariri yenye milia ya dhahabu, na kando kabisa, kama mtoto aliyenuniwa, kitambaa kizito cha sufu iliyopondwapondwa hadi ikashikana, rangi yake rangi ya uji.

Nakiete alichaguaje? Alichagua kama mshonaji. Alichomoa sindano kichwani, katikati ya misuko, maana wajukuu zangu, niwaambie ukweli, zile za kibuyuni hazikuwa zote. Moja aliibakiza. Akageuka asionekane. Akachoma marekani, akachomoa. "Ngumu." Akachoma kaniki, akachomoa. "Nzito." Akachoma hariri, akachomoa, sindano ikapita kama inapita kwenye samli. "Hii ndiyo!"

"Mama," akasema Saburi, "kwa blanketi la mafundo, mimi ningekushauri hii sufu ya..."

"Hiyo ya rangi ya uji? Mjukuu wangu anatolewa nje au anapelekwa jikoni?"

Namangu, aliyekuwa akipapasa vitambaa kwa viganja, akivivuta, akivisugua pembeni kwa ukucha, akacheka mpaka punda akageuza masikio. "Mkwe, hariri yako nzuri. Hata mimi ningependa kufanana nayo."

"Kila mtu na jicho lake, mkwe," akajibu Nakiete, akaondoka na shingo yake.

Siku ya tano, Namangu akampelekea kitambaa cha chini, sufu nzito nyekundu ya kondoo wake mwenyewe. Nakiete akaketi kufanya kazi. Alijua habari yake kwa kusikia: unakata pindo pande zote liwe matamvua, kisha tamvua la juu unalifunga na tamvua la chini, fundo, fundo, fundo, mpaka umalize mzunguko. "Mafundo tu," akasema. "Hata mbuzi wangu anajifunga mafundo kila siku."

Akaikata hariri peke yake. Akaikata sufu peke yake. Akaviweka pamoja. Loo! Juu matamvua mengi, chini machache. Yale ya juu yanatafuta wenzake kama wageni waliokosa viti. Akasema si neno, nitabananisha. Akafunga fundo la kwanza, likateleza. Akafunga la pili, likateleza. Akalivuta la tatu kwa nguvu, tamvua la hariri likafumuka nyuzi, likabaki mkononi kama ndevu za hindi. Akashika la nne, likafumuka. Akashika la tano, likafumuka. Kufika jioni, hariri ya dhahabu ilikuwa inaonekana kama imepigana na paka, na paka ndiye aliyeshinda.

Nakiete akapeleka mkono kichwani. Sindano ilikuwepo. Mishono ishirini tu, midogo, ndani kwa ndani, nani angeona? Angeshona hata gizani. Akaichomoa. Akalowanisha uzi mdomoni autie.

Mara mtoto akakohoa chumba cha pili.

Kikohozi kidogo tu, cha vumbi, cha kila mtoto. Lakini Nakiete aliganda pale, uzi mdomoni. Mwisho akautema uzi, akairudisha sindano kwenye misuko, na asubuhi ya siku ya sita akaikunja hariri iliyochakaa pamoja na ile sufu nyekundu, akateremka bondeni kwa mtu pekee ambaye angepata faida yeye Nakiete akishindwa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mkwe!" Namangu alikuwa akifunga kuni. "Karibu ukae. Habari za hariri?"

"Usinicheke."

"Sijacheka."

"Unacheka kwa tumbo. Naliona linaruka."

"Tumbo hili halinisikilizi, mkwe wangu, lina mambo yake." Namangu akaipokea hariri, akaitandaza magotini, akaziona zile nyuzi zinavyoning'inia, na sasa hapo hakujizuia. Alicheka, akajifuta machozi, akacheka tena. Nakiete akamwacha acheke. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli ya safari, akailipa yote.

"Mkwe," akasema Nakiete, "nimekuja unifundishe kufunga."

Namangu akaacha kucheka. "Unajua ukishindwa kesho, mtoto anaitwa Kisaka?"

"Najua."

"Na baba yangu aliniomba. Kabla hajafa aliniomba, 'Namangu, usiache jina langu likalala nje.'"

"Mbonea hakuniomba kitu," akasema Nakiete. "Alikufa ghafla. Mimi ndiye ninayeomba."

Kondoo walilia huko nyuma, hawana habari.

"Haya," akasema Namangu mwisho. "Nikikuacha ushindwe, jina nitapata. Lakini yule mtoto kesho nje atafunikwa na nini? Majivuno yako? Au kicheko changu?" Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha sufu. Rangi yake? Rangi ya uji! "Nilikinunua ulipoondoka. Nilikuona unachomachoma vitambaa, nikasema, huyu anachagua nguo ya kushona, na blanketi la mtoto halishonwi. Chukua. Nipe hiyo hariri, tubadilishane, ili cha juu kiwe chako kwa haki."

"Hariri hii imeharibika."

"Nitapiga kilemba. Watu watadhani ndiyo mtindo wa pwani." Kisha akamtazama kichwani. "Na kabla hatujaanza, mkwe, kwenye nywele zako kuna kitu kinang'aa, na si mvi."

Nakiete akaichomoa sindano. Akaiweka kwenye kiganja cha Namangu, na Namangu akaichomeka kwenye ukuta wa udongo.

Ndipo kazi ikaanza. Namangu akaikata kwanza sufu nyekundu yale matamvua yake ya zamani, akatandaza vitambaa, kimoja juu ya kingine, akavilainisha kwa viganja. "Vikatwe pamoja, kama vinalala kitanda kimoja. Ukivikata mbalimbali havitajuana." Akakata kila pembe kipande cha mraba, akavitupa. "Hapa ukiacha, pembe zitarundikana." Wakakata matamvua, upana vidole viwili, urefu kidole cha kati. Sufu ile haikufumuka hata uzi mmoja.

Nakiete akafunga fundo la kwanza, akalikaza kwa meno, kwa hasira. Akafunga la pili, akakaza. Kufika la kumi, ukingo ulikuwa umejikunja kama sikio la mbuzi.

"Taratibu, mkwe! Fundo lifunge, lisinyonge. Unamfunga mjukuu au mwizi?"

Nakiete akacheka. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafungua yote kumi, akaanza upya, na mwenzake akaanza upande wa pili, wakawa wanafunga huku wanasogea, wanasogea, mpaka magoti yao yakagusana.

Siku ya saba, Vughenda nzima ilijaa uani, watu wakipumua mvuke. Mkunga akasimama mbele. Namangu akaja na kilemba cha hariri chenye nyuzi zinazoning'inia mpaka mabegani, na wallahi wasichana watatu walimuuliza amekinunua wapi.

Wanawake wanne wakashika pembe nne. Wakakung'uta mara moja: likashika. Wakakung'uta mara ya pili: likashika. Mara ya tatu wakakung'uta kwa nguvu zote, mmoja wao akarushwa mbele, akaanguka na pembe yake mkononi. Likashika!

"Nakiete," akasema mkunga, "mafundo ni yako. Toa jina."

Hapo, wajukuu zangu, palikuwa na neno moja tu la kusema. Jina lilikuwa limemfika mdomoni, tamu, la miaka yote ile. Nakiete akafungua mdomo, akamtazama mkwe wake chini ya kile kilemba cha ajabu.

"Mafundo si yangu yote," akasema. "Upande huu na huu nimefunga mimi. Ule na ule amefunga Namangu. Na bila yeye hata haya yangu yasingekuwepo."

Uani pakavuma. Jambo hilo lilikuwa halijatokea! Mzee mmoja akasema jina litolewe na Namangu. Mwingine akasema lisitolewe kabisa mpaka mwakani. Mwingine akauliza kama chakula kiko tayari, na huyo, nadhani, ni babu wa ukoo wangu. Makelele yakapanda, na mtoto, aliyekuwa bado kwenye kingozi chembamba cha mbuzi, upepo ukampiga, akalia. Alilia! Sauti ile ilivuka uani, ikavuka bonde, ikaita watu mlima wa pili.

Namangu akashika kiuno. "Mnasikia? Hiyo ni sauti ya baba yangu anaita kondoo! Kisaka huyo! Kisaka mtupu!"

Watu wote wakacheka, "Kisaka! Kisaka!" Nakiete naye akacheka, ingawa moyo ulimfinya kidogo. Hakubishana. Akalichukua blanketi, akamzungushia mjukuu wake, upande wa uji juu, upande mwekundu ndani, akamkumbatia.

Mtoto akanyamaza palepale. Akapata joto, akavuta pumzi, akamkazia bibi yake macho bila kupepesa, kwa utulivu, kama mtu anayengoja kuambiwa afunge mlango.

Watu wakasogea kumtazama.

"Na huyu sasa?" akauliza Namangu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Huyu ni nani, mkwe?"

"Mbonea," akasema Nakiete.

Basi akawa na majina mawili, mtu wa kwanza Vughenda kuwa nayo. Akilia, akigomba, akikimbiza kondoo, Kisaka. Akishiba, akipata joto, akisinzia, Mbonea. Na bibi zake wote wawili walimwita mpaka wakachoka.

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili: mkono wako ukiwa hodari kwa kazi moja, usione haya kuuliza kazi ya pili, hata kama wa kumuuliza atakucheka kwanza. Acha acheke, mwisho wa kicheko atasogea akupe nafasi ukae.

Kisa kimetoka, mimi nimebaki mtupu. Kama kimewafaa, gawaneni sawasawa. Kama hakikuwafaa, nirudishieni kesho mapema, nimsimulie mwingine.