Mtu Aliyesimama Kwenye Picha

Kisa hiki nimekipata kwa mtu, naye alikipata kwa mtu. Kisome taratibu, hasa kama kuna ndugu yako mnayepishana naye njiani bila salamu.

Huko milimani Upare aliishi mpiga picha mmoja, jina lake Mbonea. Hakupiga picha za harusi wala za ubatizo. Yeye alipiga milima, mabonde na ukungu, tena kwa nyeusi na nyeupe tu. Watu walimtania kwamba hata mawe anayapiga picha za kitambulisho. Hakujali. Alisimamisha kamera yake ya kizamani kwenye miguu mitatu, akafungua lenzi, kisha akafumba macho na kuhesabu polepole, muda mrefu, hadi ukungu kwenye picha ukawa laini kama maziwa.

Alikuwa na mdogo wake, Kiangi. Baba yao alipofariki, waligombania shamba la juu, lile linalopakana na jabali, na tangu hapo hawakusemezana.

Msimu wa baridi ulipoingia, Kiangi alimsimamisha mke wa Mbonea, Nakijwa, njiani.

"Shemeji, mwambie kaka asipande jabalini. Kuna chui amehamia kule."

Mbonea alipofikishiwa ujumbe alicheka kwa hasira. "Chui! Anataka kunitisha ili shamba limbakie. Simwogopi." Akaendelea kupanda.

Siku moja alikuwa ndani ya chumba chake cha giza, chini ya taa nyekundu, akitikisa karatasi kwenye dawa. Jabali lilianza kujitokeza, kisha majani, kisha ukungu. Kisha mtu.

Mbonea alishtuka hadi dawa ikamwagika. Kule juu hakuwa ameona mtu. Huyu alisimama pembeni, karibu na mawe, amevaa koti refu, mkononi ana kitu kirefu kama fimbo. Koti lenyewe Mbonea alilijua. Lilikuwa la marehemu baba yao.

Akasafisha picha ya pili. Yupo. Ya tatu, yupo.

"Mke wangu, baba ananiita," alisema jioni, uji ukimpoa mkononi.

Nakijwa alimtazama kwa huruma. "Baba tulimzika na suti. Lile koti alilichukua Kiangi."

Hapo woga haukuisha, ulibadilika sura tu. Mbonea aliijua kazi yake. Lenzi ikiachwa wazi vile, mbuzi akipita hatokei, ndege akiruka hatokei. Kinachotokea ni kile kilichotulia. Kwa hiyo Kiangi hakuwa akipita njia. Alikuwa amesimama pale muda wote, kimya, na kile kirefu mkononi kilikuwa mkuki. Na muda wote huo Mbonea alikuwa amefumba macho, poromoko la jabali likiwa hatua chache kutoka miguuni pake.

Akaacha kula. Akalala na panga chini ya kitanda. Mbwa wakibweka, anaketi. Mwishowe akaamua kwamba ni heri awahi kabla hajawahiwa.

Akaenda kuazima mtego wa chuma kwa mwindaji wa kijiji cha chini, ule wa kunasa fisi, wenye meno. Alfajiri alipanda jabalini, akautega palepale anaposimama mtu wa kwenye picha, akaufunika kwa majani. Kisha akasimamisha kamera mahali pake pa siku zote, akaitupia kitambaa cheusi ili kwa mbali aonekane yupo. Akarudi nyumbani.

Alitaka ushahidi wa kumpelekea mwenyekiti wa kijiji. Aliingia chumba cha giza, akaweka filamu kwenye mashine ya kukuzia, akaukuza uso wa Kiangi.

Hakukuwa na uso. Kilikuwa kisogo. Picha nyingine, kisogo. Zote, kisogo. Mtu anayekuvizia atakupaje mgongo?

Alikuza tena, akafuata kule Kiangi alikokuwa anatazama, kwenye giza la pango kati ya mawe. Siku zote alidhani yale ni madoa ya kuvu. Yalikuwa madoa ya chui, amelala chini, kichwa amekiinua.

Mbonea alitoka mbio, miguu mitupu, mikono ikinuka dawa. Alipanda huku akilia, "Mungu wangu, nisimkute! Nisimkute amekwisha fika!"

Alimkuta. Kiangi alikuwa anateremka kati ya mawe, koti la baba limemfika magotini, mkuki mkononi. Macho yake yalikuwa kwenye pango, si chini. Alibakiza hatua moja.

"Simama!" Mbonea alipiga kelele.

Kiangi akaganda. Hakugeuza hata kichwa. Baada ya miaka yote ile ya kununiana, alisema kwa sauti ya chini:

"Nimesimama, kaka. Piga tu picha, sitakuharibia."

Mbonea alitambaa hadi pale, akachukua fimbo, akaichomeka kwenye majani mbele ya mguu wa mdogo wake. Mtego ukafyatuka, ukaivunja fimbo vipande viwili.

Kiangi aliutazama mtego. Kisha akamtazama kaka yake.

"Ulikuwa wangu?"

"Ulikuwa wako." Mbonea alilia kama mtoto. "Nisamehe. Nilikuogopa."

Kiangi akageukia pango, akampa mgongo, kama kwenye picha.

"Chukua kamera yako, tangulia. Yule mnyama bado yumo. Mimi niko nyuma yako."

Mbonea alitangulia. Mkuki ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na alitetemeka njia nzima, ila safari hii hakumwogopa Kiangi. Aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Funzo: Kabla hujamtegea mtu mtego kwa sababu unamwogopa, tazama vizuri mkuki wake umeelekea wapi. Huenda siku zote unamnunia, naye amesimama kati yako na kifo.