Kinu Kitupu cha Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika majumbani mwao, alikuwepo Bi Sange. Mdogo, pua ndefu, miguu haitulii. Sogeeni, wadogo zangu, ila msisukumane!

Siku hiyo Bi Sange yuko jikoni na wanawe wawili. Mara mlango, bwaa! Nyegere huyo ndani!

"Hata hodi, shemeji?"

"Hodi ya nini? Kuanzia leo hapa kwangu, na wewe mpishi wangu. Ndugu zangu wako njiani, watakaa kwa majirani zako. Ukipiga kelele, hawa watoto ndio kitoweo."

Bi Sange akapima haraka. Apige kelele, watoto wanaliwa. Anyamaze, kijiji kizima kimekwisha.

"Sawa, bwana mkubwa. Ila ugali bila unga haupikiki. Niache nitwange."

"Twanga! Tena upesi!"

Nyegere akaingiza kichwa chunguni kulamba ukoko. Bi Sange akayamwaga mahindi nyuma ya kinu, akashusha mchi kwenye kinu kitupu. Ko! Ko! Ko!

Nyegere hajawahi kushika mchi tangu azaliwe. "Ahaa! Hiyo ndiyo sauti ya chakula!"

Kumbe pale kijijini kinu chenye nafaka hulia du, du. Kinu kitupu hakitwangwi ovyo, ni mpaka adui awe ndani; na kila anayesikia huzima moto asimpikie adui, hufunga mlango, naye hutwanga mpaka aambiwe adui ametoka.

Jirani yake, Mama Kwale, akasikia. "Mungu wangu! Kwa Bi Sange kumeingiliwa!" Akaumwagia moto maji, chwaa! Akatia komeo, naye akatwanga kinu kitupu. Ko! Ko! Nyumba ya pili ikadaka, ya tatu ikadaka.

Ndugu za Nyegere wakafika wakigonga milango. "Tupikieni!"

"Moto umezimika, kaka. Kaleni kwenu!"

Sauti ikawafikia walinzi wa kijiji, Nyati na Kifaru. Hao walikuwa wamenuniana, hata salamu hawapeani.

"We Kifaru, unasikia?"

"Nasikia! Lakini macho yangu unayajua. Nyumba ipi?"

"Kwa Bi Sange, mlango umevunjwa. Pua yako inasemaje?"

"Nyegere! Ananuka mpaka huku. Twende!"

Kule jikoni Nyegere akanguruma, "Chakula tayari?"

"Tayari, bwana mkubwa. Wapakuaji hao mlangoni."

Puu! Pembe ya kwanza. Puu! Ya pili. Nyegere akachomoka dirishani na chungu kichwani, ndugu zake nyuma, mbio bila kuaga!

Lakini majirani bado, ko, ko, ko. Moto hakuna, watoto wanalia njaa. Bi Sange akatoka nje akipunga mchi.

"Jamani, basi! Ameshakimbia! Mtatuua kwa njaa sasa!"

Akakitoa kinu chake mlangoni, akakipindua, akakikalia, watoto mapajani. Akashusha pumzi, fyuuu! Vinu vikanyamaza kimoja kimoja, moshi ukaanza kupanda tena. Nyati na Kifaru wakaombwa wabaki kula. Wakala sinia moja, wakigombania ukoko.

Basi, wadogo zangu, adui akiingia kwako wajulishe wenzako mapema, na akitoka usisahau kuwaambia ametoka.