Jezi Namba Kumi na Nne

Sogeeni karibu. Na aliye na jibu kabla ya swali alimeze kwanza, maana kisa hiki kimeshawaumbua wajuaji wengi, nami nikiwa wa kwanza.

Palikuwa na mabinti watatu jijini Nairobi, na jezi moja.

Nasieku alijaliwa macho. Darasani alijua mwalimu atamwita nani kabla mwalimu mwenyewe hajaamua.

Mulekye alijaliwa mwili usioogopa. Mbwa wa jirani akikatika mnyororo, watoto wote wa ploti walikimbilia mgongoni mwake, naye alisimama palepale.

Apondi alijaliwa moyo. Akivunja kikombe asubuhi, alilia kidogo, akafagia vigae, na mchana ungemkuta anaosha vyombo vilivyobaki huku anaimba.

Wote watatu walicheza hoki ya barafu. Msicheke! Nairobi kuna barafu. Ni ya mashine, iko ndani ya jengo, ghorofa ya pili, na uwanja wenyewe ni mdogo hivi kwamba ukishaanza kukimbia vizuri umefika ukutani. Unavaa viatu vyenye chuma cha makali chini, unashika fimbo, na mnagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu ambacho kikikupata mbavuni utamkumbuka mama yako. Kofia ina wavu wa chuma mbele, kwa hiyo uso wa mchezaji hauonekani.

Sasa, vifaa vya mchezo huo havipatikani soko la Gikomba. Mabinti hawa walikuwa na kimo kimoja na mguu mmoja, namba sita, na klabu ilikuwa na viatu vya namba sita jozi moja tu. Mechi ina vipindi vitatu. Kocha wao, Ndolo, akawagawia: Nasieku kipindi cha kwanza, Mulekye cha pili, Apondi cha tatu. Wakati wa mapumziko walikimbilia koridoni, mmoja anavua, mwingine anavaa, wa tatu amepiga magoti anafunga kamba. Jezi ilikuwa ileile, namba kumi na nne, yenye jasho la mwenzako. Walifanya hivyo miaka mitatu.

Siku moja akaja mtu kuwatazama. Jina lake Wesonga, na huyu lazima niwaeleze alikotoka, kwa sababu bila yeye kisa hakipo.

Wesonga alizaliwa mitaa hiyohiyo. Utotoni alicheza kwenye barafu ileile, na alivaa kwa zamu viatu na jezi namba kumi na nne na rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye ndiye huyu Ndolo. Ndolo alicheza mwanzo wa mechi na kufunga mabao. Wesonga aliingia mwishoni kuyalinda. Walipokuwa na miaka kumi na mitano, mzungu mmoja kutoka Ufini aliwatazama siku nzima, kisha akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akauliza, "Namba kumi na nne ni nani?"

Wesonga akainua mkono.

Hakusema uongo. Jezi ilikuwa mgongoni mwake. Akapelekwa Ufini, na huko wakagundua kwamba kijana waliyemchukua kwa mabao yake hajui kufunga bao. Basi wakamfanya beki. Akaitwa mchezaji wa kulipwa, akacheza misimu kumi na mmoja, na kazi yake ikawa moja tu: kujiweka mbele ya kisahani ili kisimfikie kipa. Alipoteza meno mawili, akavunjika mtulinga, magoti yakasagika. Bao hakufunga hata moja. Mashabiki walimpenda, walisema hawajaona beki anayejitupa kama yule. Hawakujua kwamba kuna siku alijitupa kwa sababu aliona anastahili kuumia.

Magoti yalipokataa kabisa, akawa msaka vipaji. Alizunguka miji yenye baridi akiwa na daftari, akiandika habari za vijana wa watu. Alikuwa ametuma nyumbani makasha kumi na moja ya vifaa, moja kila mwaka aliocheza. Akaamini kwamba siku hizi kule Nairobi hakuna anayevaa kiatu cha mwenzake. Kumbe viatu vyote alivyotuma vilikuwa vya kipimo chake mwenyewe, namba kumi na mbili. Vilipangwa stoo kwa Ndolo, vinang'aa, na hakuna mguu wa msichana ulioweza kuvijaza.

Shule moja ya wasichana huko Ufini ikamwambia: tuna nafasi moja, masomo na mchezo pamoja, tutafutie binti. Mwakani nafasi hiyo haipo. Ndipo akarudi Nairobi.

Msaka vipaji ana mwiko. Hasalimu wachezaji kabla ya kuandika ripoti, asije akaandika urafiki. Wesonga alimpungia Ndolo mkono kutoka mbali, akapanda akakaa pembeni, nyuma ya kioo chenye ukungu, akafungua daftari. Mabinti wa Ndolo walikuwa wanacheza na timu ya mabinti wa mabalozi.

Kipindi cha kwanza, namba kumi na nne alitoa pasi mbili bila kuangalia, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisahani kilipofika, mtu alikuwepo, na mara mbili ikawa bao. Wesonga akaandika: "Anaona mapema kuliko wote."

Kipindi cha pili, wapinzani walipandisha hasira na mashuti. Namba kumi na nne aliyazuia matano kwa mwili wake. La tano lilimpiga kifundoni, akaanguka, akainuka kwa mguu mmoja na kuzuia la sita. Wesonga, beki wa misimu kumi na mmoja, akajikuta amesimama. Akaandika: "Haogopi."

Kipindi cha tatu, namba kumi na nne alipoteza kisahani kizembe mbele ya lango lake, wakafungwa. Baada ya dakika mbili akapoteza tena, wakafungwa tena. Mbili kwa mbili. Mtoto mwingine angeinamisha kichwa, wengi wao huishia hapo. Huyu aligonga barafu kwa fimbo mara moja, akarudi kuomba pasi, na ikiwa imebaki dakika moja akafunga bao la ushindi. Wesonga akaandika: "Akikosea havunjiki."

Chini yake akapiga mstari na kuongeza: "Nimetazama vijana elfu. Nimewaona wenye kimoja, wachache wenye viwili. Huyu ana vyote vitatu." Akaituma ripoti siku hiyohiyo. Kesho yake shule ikajibu: tunamchukua namba kumi na nne, leta jina lake kabla ya saa kumi Ijumaa. Shule ilisema wazi kwamba kama mstari mmoja wa ripoti ungekosekana, isingemtaka.

Wesonga alishuka ngazi kwa magoti yake mabovu, anacheka peke yake. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mazoezi. Timu nzima ilikuwepo.

"Namba kumi na nne ni nani?"

Apondi ndiye aliyekuwa ameivaa jezi hiyo. Akamtazama Nasieku, akamtazama Mulekye. Kisha akaivua jezi polepole, akaiweka juu ya benchi.

"Bwana Wesonga," akasema, "unauliza wa kipindi gani?"

Wesonga alikaa chini palepale, juu ya mabegi ya watu.

Najua wajanja mmeshaanza kunong'ona. Kwani asiombe nafasi tatu? Aliomba. Shule ikajibu kwamba kitanda ni kimoja. Basi awapime, kila mmoja acheze mechi nzima! Alifanya hivyo pia, siku tatu mfululizo, na hapo ndipo moyo wake ulipopasuka. Nasieku alikuwa hodari kipindi cha kwanza, baadaye pumzi ikamwisha. Mulekye alianza kwa kubabaika, akang'aa katikati, kisha akazimika. Apondi hakujua la kufanya mpaka mechi ilipokaribia kuisha. Miaka mitatu kila mmoja alikuwa amejifunza theluthi ya mchezo, kwa sababu viatu vilimruhusu theluthi tu. Na mwakani wote watakuwa wamepita umri.

Akawaita mmoja mmoja. "Unaona nani aende?"

Nasieku alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mimi," akasema. "Lakini tafadhali, usiwaambie wenzangu nimesema hivyo."

Mulekye alitazama kifundo chake kilichovimba. "Nitakudanganya nikisema siyo mimi. Ila Apondi asijue, ataumia."

Apondi hakukaa hata kwenye kiti. "Mimi, Bwana Wesonga. Hao wawili ni dada zangu, nakuapia. Lakini ni mimi. Usiwaambie."

Walipotoka walisubiriana mlangoni, wakaenda kununua mahindi ya kuchoma, wakagawana hindi moja watu watatu. Wesonga aliwatazama kupitia dirisha, akashindwa kuvumilia. Akamfuata Ndolo, ambaye alikuwa anapanguza mashine ya barafu.

"Chagua wewe," Wesonga akamwambia. "Hawa ni watoto wako."

"Mimi nilishachagua," Ndolo akajibu bila kugeuka. "Nilipowagawia vipindi. Nilidhani nawapa wote nafasi, na sasa naona nimewanyima wote. Usinipe kazi hiyo mara ya pili."

"Ndolo."

"Sema."

"Siku ile ya mzungu. Mbona hukuinua mkono?"

Ndolo aliacha kupanguza. Walikuwa hawajawahi kuligusa neno hilo, miaka yote hiyo, kwa barua wala kwa simu.

"Nilikuwa nimepiga magoti, Wesonga. Nakulegezea kamba za viatu, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa miguuni pako." Akakikunja kitambaa cha kupanguzia. "Ungeniangalia tu. Ungeniuliza, ningekwambia nenda, ndugu yangu, nenda. Hukuangalia chini."

Wesonga akalia, mtu mzima, mbele ya mashine. Ndolo hakumkumbatia, na hakuondoka pia. Alisimama kando yake na kitambaa mkononi mpaka alipomaliza.

Ikafika Ijumaa. Saa tisa na nusu Wesonga alikuwa ofisini kwa kocha, fomu mezani, na katika fomu kuna mstari mmoja wa jina moja. Mlango ulikuwa wazi nusu. Koridoni mabinti watatu walikuwa wanajiandaa kwa mazoezi kama kawaida: Nasieku amekaa, Mulekye anamshikia kofia, Apondi amepiga magoti anafunga kamba. Kila mmoja alikuwa na neno moja alilowaficha wenzake, na lilikuwa neno lilelile.

Mimi niliyesimulia nimekesha na kisa hiki siku nyingi. Nikimpa mwenye macho, nakumbuka kwamba pasi zake mbili zingekuwa bure kama mashuti sita yangepita. Nikimpa mwenye mwili, nakumbuka kwamba mechi ilikuwa sare mpaka dakika ya mwisho. Nikimpa mwenye moyo, nakumbuka mabao mawili aliyowapa wapinzani, na kwamba yalisawazishwa na pasi za mwingine. Na msiniambie aiache fomu tupu, maana saa kumi ikipita kitanda kile kinapewa binti mwingine, na hawa watatu watabaki na jezi yao.

Basi kalamu nawapa nyinyi. Namba kumi na nne alikuwa nani? Je, wewe ungeandika jina gani, na hao wawili ungewatazamaje ukitoka mlangoni?

Naona mkono mmoja umeshainuka kule nyuma. Haya, simama, ndugu yangu, utuambie. Lakini kwanza, umeangalia chini?